Panya mzee, panya mwenye msongo: upime vipi hamu yao ya tuzo?

Weka chupa mbili kizimbani jioni, moja ya maji matupu na nyingine ya maji yenye sukari asilimia 1, kisha urudi asubuhi upime kilichobaki. Panya kijana mwenye afya atakuwa ameikimbilia ile ya sukari. Panya aliyesumbuliwa kwa wiki kadhaa anaweza kuwa amekunywa chupa zote mbili karibu sawasawa. Panya mzee wa miezi 24, ambaye hakuna aliyemsumbua, naye anaweza kukupa namba ileile. Je, wote wawili wameacha kufurahia utamu? Au mmoja hafurahii tena, na mwenzake anafurahia vizuri tu ila figo zake zimechoka na zinamlazimisha anywe maji kutwa?

Hapo ndipo anapokwama mtu anayepanga kuchunguza msongo na uzee kwa pamoja. Vipimo vya hamu ya tuzo viko vingi, kila kimoja kina wapenzi wake, na vingi vilibuniwa kwa panya vijana wa kiume wenye miguu mizima. Nimeandika ulinganisho huu kwa mwanafunzi wa uzamili anayeandaa andiko la utafiti na hajui aombe vifaa gani, lakini hata anayesoma tu habari za "panya wenye sonona" atapata humu njia ya kujua namba hizo hutoka wapi.

Jibu langu nalitoa mapema. Bajeti ikiruhusu kipimo kimoja tu, usichague chupa ya sukari. Chagua kipimo kinachompa panya njia mbili za kupata chakula: moja ya jasho yenye kitu kitamu, nyingine ya bure yenye chakula cha kila siku. Ikiruhusu viwili, ongeza kipimo cha kusubiri. Sababu ni kwamba msongo na uzee, ambavyo mbele ya chupa hufanana, mbele ya vipimo hivi viwili hupishana. Msongo humfanya panya akwepe jasho hata pale ambapo subira yake haijaguswa. Uzee, angalau kwa panya wakubwa wa maabara (wale waitwao rat kwa Kiingereza; humu "panya mdogo" ni yule aitwaye mouse, si panya mchanga), umeonekana kuongeza subira.

Kufurahia, kutaka, kujifunza

Mwaka 1954 James Olds na Peter Milner wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walipachika waya ndani ya ubongo wa panya na kumwachia wenzo ajipitishie umeme mwenyewe. Panya alibonyeza bila kuchoka. Kwa miaka mingi baada ya hapo watu walizungumza kana kwamba ubongo una kituo kimoja cha raha, na dopamini ikapewa cheo cha kemikali ya raha. Cheo hicho hakikudumu. Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba panya aliyeondolewa karibu dopamini yake yote bado hulamba midomo akidondoshewa utamu mdomoni. Anachopoteza ni msukumo wa kuufuata utamu huo. Usipomlisha kwa mkono atakonda na chakula kiko mbele yake.

Kwa hiyo unaposema "hamu ya tuzo" unataja mambo yasiyopungua matatu: kufurahia kilichopatikana, kutaka kukifuata, na kujifunza kutokana nacho. Uzee na msongo haviyagusi kwa kipimo kimoja. Vipokezi vya dopamini aina ya D2 kwenye striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo, hupungua kadiri umri unavyosogea, kwa panya na kwa binadamu. Msongo wa muda mrefu una njia yake nyingine. Mwaka 2009 watafiti wa Ureno na Marekani, wakiongozwa na Eduardo Dias-Ferreira, walichapisha katika jarida la Science kwamba panya waliosumbuliwa kwa siku 21 huendelea kubonyeza wenzo wa chakula hata baada ya kushibishwa chakula kilekile. Wenzao wasiosumbuliwa walipunguza. Ndani ya ubongo, sehemu ya striatamu inayosimamia matendo ya makusudi ilikuwa imenyauka, na ile ya mazoea imenawiri.

Tafakari matokeo hayo kabla ya kuagiza vifaa. Panya anayebonyeza sana si lazima awe anataka sana. Huenda mkono umezoea tu.

Vipimo kwa mtazamo wa haraka

| Kipimo | Kinaonyesha nini hasa | Uzee unakudanganya wapi | Msongo unakudanganya wapi | Mzigo kwa maabara |
|---|---|---|---|---|
| Chupa mbili | Upendeleo wa utamu | Figo, ladha, meno, mwendo | Kupungua uzito, kiu, upweke | Mdogo |
| Mpangilio wa kulamba | Kufurahia | Ulimi mzito, meno | Kidogo | Wa kati |
| Gharama inayopanda | Kutaka | Misuli, viungo | Mazoea, njaa | Wa kati |
| Jasho au chakula cha bure | Kutaka, kwa kulinganisha | Misuli, lakini kuna njia ya kudhibiti | Njaa | Wa kati |
| Kusubiri tuzo kubwa | Subira | Kuchelewa kujifunza | Kidogo | Mkubwa, wiki nyingi |
| Kubadili chaguo | Kujifunza | Kusikia, kuona, kunusa | Mazoea | Mkubwa |

Chupa ya sukari: rahisi, maarufu, na mjanja

Kipimo hiki kilipata umaarufu kupitia Richard Katz mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Paul Willner na wenzake mwaka 1987 wakakifunga pamoja na utaratibu wa misukosuko midogo isiyotabirika: kizimba kuinamishwa, maranda kuloweshwa, taa kuachwa usiku, jirani kubadilishwa. Panya walipunguza kunywa sukari, na dawa ya sonona iliyotumika enzi hizo ikawarudishia hamu baada ya wiki kadhaa. Ilikuwa kazi nzuri, kwa sababu dawa za sonona kwa binadamu nazo huchukua wiki kadhaa.

Uzuri wake unaonekana: chupa mbili, mizani na daftari. Huhitaji kumfundisha panya chochote. Kwa maabara yenye fedha kidogo kinavutia sana, na siwalaumu wanaokichagua. Tatizo ni kwamba kila kasoro ya mazingira huingia kwenye namba. Chupa inayodondoka tone moja moja usiku kucha huhesabiwa kama kinywaji. Panya mwenye kona anayoipenda huhesabiwa kama mpenda sukari, kwa hiyo ni lazima ubadilishe nafasi za chupa. Ukimtenga na wenzake ili ujue nani amekunywa nini, kumtenga kwenyewe ni msongo. Ukimnyima maji kabla ya kipimo ili anywe haraka, unapima kiu.

Kwa panya mzee orodha inarefuka. Ukoo wa Fischer 344, ambao ndio uliotumika sana katika utafiti wa uzee, hupata ugonjwa wa figo kwa wingi uzeeni. Panya mwenye figo mbovu hunywa maji mengi, na asilimia ya upendeleo ni sehemu ya sukari kwa jumla ya vinywaji vyote. Jumla ikipanda kwa sababu ya maji, asilimia inashuka, nawe unaandika kwamba hafurahii. Ndiyo maana ripoti inayotoa asilimia peke yake naisoma kwa shaka. Dai mililita za kila chupa, na uzito wa mwili pembeni yake, kwa sababu misukosuko ya wiki kadhaa hupunguza uzito, na mnyama aliyepungua hunywa kidogo cha kila kitu. Sukari nayo ni nishati. Weka sakarini, utamu usio na nishati, kwenye kundi dogo la kulinganisha, ili ujue kama wanatafuta utamu au wanatafuta chakula.

Maabara nyingi hutumia asilimia 65 kama mstari: chini yake panya huitwa aliyepoteza raha. Mstari huo una faida ya kurahisisha majedwali. Kwa panya wazee siupendi hata kidogo, maana uliwekwa kwa kuwatazama vijana. Kila kundi la umri lilinganishwe na wenzao wa umri uleule wasio na msongo.

Chupa ina nafasi yake. Inafaa kama kipimo cha mwanzo kabla ya msongo na kama alama ya kila wiki ya kuona mambo yanaelekea wapi. Kuijengea tasnifu nzima ndiko kosa.

Hesabu ya kulamba

Ukiwa na kihisio kinachorekodi kila mguso wa ulimi, chupa ileile inakuwa kifaa kingine kabisa. Panya mkubwa hulamba mara sita au saba kwa sekunde, kwa mafungu yanayotenganishwa na vituo vifupi. Urefu wa fungu hupanda na utamu. Jumla ya kinywaji hutegemea pia kiu na shibe. Urefu wa fungu hauyumbishwi sana na hayo. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba panya wadogo walioshikwa kwa mkia walikuwa na mafungu mafupi ya kulamba sukari kuliko wale waliobebwa kwa bomba la plastiki. Yaani namna unavyomtoa mnyama kizimbani asubuhi inaweza kubadili matokeo yako kabla hujaanza msongo wowote. Hili lifanyie kazi kwanza, kwani bomba la plastiki ni bei ya soda.

Hapo hapo nigusie la Robert Sorge na wenzake, mwaka 2014: harufu ya mwanamume chumbani ilitosha kupandisha homoni za msongo za panya na kupunguza dalili zao za maumivu. Kundi la wazee likihudumiwa na mtu mmoja na vijana na mwingine, tofauti ya umri na tofauti ya mhudumu zitakuwa zimeshikamana, na hakuna takwimu zitakazozitenganisha.

Gharama inayopanda

William Hodos alichapisha wazo hili mwaka 1961. Tuzo ya kwanza hupatikana kwa kubonyeza mara chache, inayofuata kwa mara zaidi, na bei huendelea kupanda mpaka panya aache. Hodos alitumia maziwa ya kopo yenye sukari. Kiwango cha mwisho alichokubali panya kinaitwa kikomo. Ngazi inayotumika sana leo, ya Richardson na Roberts, hupanda hivi: 1, 2, 4, 6, 9, 12, 15, 20, 25, 32, 40, na kuendelea hadi mamia.

Kikomo ni namba safi, inachorwa vizuri kwenye grafu, na ukimpunguzia panya dopamini kwenye nyukliasi akumbensi, sehemu ya chini ya striatamu, kinashuka. Kwa vijana wenye msongo ni kipimo kizuri, mradi ukumbuke habari ya mazoea niliyoitaja juu: panya aliyefundishwa kwa wiki nyingi kisha akasumbuliwa anaweza kufikia kikomo kikubwa kwa sababu hajui kuacha. Kwa wazee kina kasoro ambayo huwezi kuikwepa kwa hesabu. Kikomo cha panya mwenye viungo vinavyouma kinaweza kuwa kikomo cha viungo hivyo. Hujui.

Mfano wa hili uko Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu, kwa mlio mdogo unaofuatwa na chakula. Panya hawa huishi hata miaka minane. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, aligundua mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 ambazo hazikuwa zimelipuka, akapewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la tiba ya wanyama la Uingereza, mwaka 2020, akastaafu Juni 2021 na kufa Januari 2022. Alipostaafishwa ilielezwa kwamba alikuwa na afya lakini ameanza kupunguza kasi. Mwendo ulikuwa umepungua. Hilo halituambii chochote kuhusu alivyoipenda ndizi yake. Kikomo cha kubonyeza wenzo hakiwezi kutofautisha mambo hayo mawili.

Jasho au chakula cha bure

John Salamone wa Chuo Kikuu cha Connecticut ndiye aliyekipa kipimo hiki sura yake. Kuna matoleo mawili. La kwanza: panya abonyeze wenzo mara tano kwa tembe moja tamu, huku chakula cha kawaida kimerundikwa sakafuni bila masharti. La pili: njia panda ya umbo la T, upande mmoja chakula kingi nyuma ya ukuta wa wavu, upande mwingine chakula kidogo bila ukuta. Panya mzima huchagua jasho mara nyingi. Panya aliyepunguziwa dopamini kwenye akumbensi hula vilevile, ila huhamia kwenye cha bure.

Uzuri wa kipimo uko katika neno "huhamia". Mnyama aliyekosa hamu ya chakula angekula kidogo pande zote. Huyu anakula, anachagua, ila bei ndiyo imemshinda. Salamone na wenzake waliongeza jaribio dogo ambalo kwa utafiti wa uzee ni la lazima: upande usio na ukuta waliuacha mtupu. Panya wenye upungufu wa dopamini wakaukwea ukuta. Kumbe waliweza siku zote. Ila palipokuwa na njia rahisi hawakuona haja.

Kwa panya wa miezi 24 fanya hivyohivyo kila wiki. Akiukwea ukuta pasipo na njia nyingine, miguu yake ina uwezo, na chaguo lake la jana ni chaguo kweli. Asipoukwea, mtoe kwenye uchambuzi au shusha ukuta. Mimi ningetumia wenzo kuliko ukuta, kwa kuwa wenzo mwepesi haudai misuli ya kukwea, na chakula cha bure kilicholiwa hupimwa kwa gramu siku hiyohiyo.

Upande wa msongo, ushahidi hapa ni mzuri kuliko ulivyo kwa chupa. Maabara ya Stan Floresco, Chuo Kikuu cha British Columbia, ilionyesha mwaka 2012 kwamba kumbana panya ndani ya bomba kwa saa moja tu kunapunguza uchaguzi wake wa tuzo kubwa yenye jasho. Walipompa uchaguzi kati ya tuzo ndogo sasa hivi na kubwa baadaye, msongo uleule haukubadili chaguo lake, ingawa alichelewa kuamua. Walipomchoma kotikosteroni, homoni ya msongo ya panya, bila kumbana, hakuna kilichobadilika. Kazi yao iliyofuata ilimnyooshea kidole mjumbe mwingine wa msongo, CRF, ndani ya ubongo: kuiweka CRF ubongoni kulileta athari ileile, kuizuia kukaiondoa.

Wako wanaopima kotikosteroni kwenye damu, wakaikuta iko kawaida, wakaandika kwamba msongo "haukufanya kazi". Homoni ya damuni ni dirisha moja. Julia Lemos na wenzake, mwaka 2012, waliona kwamba CRF kwenye akumbensi ya panya mdogo asiye na msongo huongeza dopamini. Baada ya siku mbili za kuogeleshwa kwa nguvu uwezo huo ulitoweka, na siku 90 baadaye ulikuwa bado haujarudi. Siku 90 ni sehemu kubwa ya maisha ya mnyama anayeishi miaka miwili na ushei.

Kusubiri

Panya huchagua kati ya tembe moja sasa hivi na tembe kadhaa baadaye. Utaratibu wa Evenden na Ryan, wa mwaka 1996, hurefusha subira kwa hatua: sekunde 0, 10, 20, 40, 60. Jennifer Bizon na Barry Setlow, ambao kwa miaka mingi wako Chuo Kikuu cha Florida, ndio waliokifanya kipimo hiki kuwa cha wazee. Mwaka 2010 waliripoti kwamba Fischer 344 wazee huvumilia kuliko vijana: sekunde zinaporefuka, kijana hukimbilia tembe moja, mzee hubaki akiingoja tuzo kubwa.

Mtu anaweza kusema ni ukaidi, mzee hajui kubadili. Ndiyo sababu watafiti hupanga pia siku za kubadilisha mpangilio wa sekunde na wingi wa tembe, kuona kama mnyama anafuatilia. Mwaka 2019 kundi hilo lilizima kwa mwanga sehemu ya amigdala, kituo cha hisia ndani ya ubongo, wakati panya anaamua. Vijana walipunguza kukimbilia tuzo ya papo hapo, wazee hawakubadilika. Sehemu iliyokuwa inamsukuma kijana kwa mzee haikuwa tena na sauti kwenye uamuzi huo.

Gharama yake ni muda. Mafunzo huchukua wiki nyingi, na panya mzee hana wiki nyingi. Anza kumfundisha mapema, na agiza wanyama wa akiba kwa kuwa baadhi watakufa njiani. Chakula nacho hupunguzwa ili uzito ushuke hadi karibu asilimia 85 ya uzito wa kawaida, jambo ambalo lenyewe hupandisha kotikosteroni. Kwa mzee uzito ushushwe polepole, daktari wa mifugo akiwa na habari.

Vilivyobaki

Kipimo cha upendeleo wa mahali hutegemea mnyama akumbuke alipokula raha. Kwa wazee wanaosahau, kiache. Umeme wa Olds na Milner ungali sahihi kuliko vyote kwa kipimo cha kizingiti, yaani umeme mdogo kabisa ambao panya bado anautaka, lakini upasuaji wa kichwa kwa panya mzee aliye kwenye msongo ni mlima ambao kamati ya maadili itataka ujieleze. Kubadili chaguo, pale harufu iliyoleta tuzo inapogeuka kuwa ya adhabu, ni eneo ambalo Geoffrey Schoenbaum na Michela Gallagher walionyesha udhaifu wa baadhi ya wazee tangu mwaka 2002. Angalia hisi tu: panya wadogo wa ukoo wa C57BL/6 hupoteza usikivu kuanzia sauti za juu, kwa hiyo jaribio linaloanzishwa na mlio litampima mzee masikio.

Kuna pia jaribio la mapato ya kubahatisha, lililoanza kwa binadamu kwa mkono wa Diego Pizzagalli mwaka 2005 na kuhamishiwa kwa panya na Andre Der-Avakian mwaka 2013. Ukitaka siku moja kulinganisha na wagonjwa, hili ndilo daraja. Kwa tasnifu ya kwanza ni kubwa mno.

Msongo gani kwa umri gani

Misukosuko midogo ya Willner inafaa kila umri na jinsia zote, lakini matokeo yake hutofautiana kati ya maabara na maabara, na kumnyima mzee chakula kama mojawapo ya misukosuko kutakuharibia kipimo chochote cha chakula. Msukosuko huo uondoe kwenye ratiba.

Kushindwa mbele ya mbabe, utaratibu wa siku 10 ambapo panya mdogo huwekwa dakika chache kwa siku kwenye kizimba cha dume kubwa la ukoo wa CD-1, ndio unaotoa picha kali kuliko yote. Mwaka 2007 Vaishnav Krishnan na wenzake walionyesha kwamba baada ya siku hizo wanyama hugawanyika: wengine huwaepuka wenzao na kupoteza upendeleo wa sukari, wengine hustahimili. Lakini ulibuniwa kwa madume vijana. Majike hayashambuliwi kirahisi, na mzee anayeng'atwa hupona polepole. Kwa utafiti wa uzee nisingeutumia.

Kumbana ndani ya bomba kunabaki kuwa chaguo la katikati: muda unaujua, majeraha hakuna, na matokeo ya Floresco unaweza kuyalinganisha moja kwa moja. Pima kipenyo cha bomba kwa ukubwa wa mnyama. Mzee mnene ndani ya bomba la kijana anapata msongo mwingine kabisa.

Kwa ukoo, panya chotara wa Fischer na Brown Norway huishi muda mrefu na huzeeka wakiwa na maradhi machache kuliko Fischer peke yake. Kama unaweza kuwapata, hao. Long-Evans wana sifa nyingine: Gallagher alionyesha mwaka 1993 kwamba baadhi ya wazee wao hukumbuka njia kama vijana na wengine hupotea. Ukichanganya na mgawanyiko ule wa Krishnan, utaelewa kwa nini wastani wa kundi la "wazee wenye msongo" unaweza kuwa namba isiyomhusu panya yeyote. Chora kila mnyama kama nukta.

Lini upime

Wengi hupima siku inayofuata mwisho wa msongo na kufunga daftari. Kwa vijana inatosha. Kwa swali la uzee, kilicho muhimu huja baadaye. Robert Sapolsky, yuleyule aliyetumia misimu mingi akiwafuatilia nyani wa Kenya, aliripoti mwaka 1983 akiwa na Lewis Krey na Bruce McEwen kwamba panya wazee hupandisha kotikosteroni vizuri tu wanapobanwa. Shida ni kuishusha msongo ukiisha. Mwaka 2010 Erik Bloss na wenzake waliona jambo linalofanana kwenye gamba la mbele la ubongo: matawi ya neva yalinywea kwa msongo, yakarudi kwa vijana baada ya mapumziko, kwa wenye umri wa kati na wazee hayakurudi.

Kwa hiyo panga awamu tatu za vipimo kwa kila mnyama: kabla ya msongo, mara baada yake, na tena wiki tatu baadaye bila kumgusa katikati. Vyote vifanyike gizani, saa panya wanapokuwa macho, na saa ya taa iwe na betri yake, kwa sababu umeme ukikatika usiku mmoja utakuwa umeongeza msukosuko ambao hukuupanga. Katika kila awamu anza na chupa, kwa kuwa haihitaji njaa. Kisha jasho au chakula cha bure pamoja na siku ya upande mtupu. Kusubiri kuje mwisho. Mnyama akipungua uzito kupita kiwango ulichoandika kwenye ombi la maadili, anatoka kwenye jaribio siku hiyohiyo, hata kama imebaki awamu moja.